Mwalimu, mrudishie mwenzio kikapu

Barua ya wiki hii imetoka Tanga. Nimeifupisha kidogo, maneno ni ya mwenyewe.

"Bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwaka jana mwezi wa saba nilitimiza miaka 60, nikakabidhi chaki. Niliogopa kwamba nitachoka na kukaa, kumbe nimejikuta napenda mambo madogo madogo. Naamka alfajiri, nafagia uwanja, nabeba kikapu naenda soko la Mgandini, nanunua mchicha, nazi na samaki, narudi kabla jua halijawa kali. Kaskazi ya mwaka huu ina joto, lakini ile asubuhi kwangu ni raha tupu. Shida ni mbili. Mwanangu mkubwa yuko Dar, kaambiwa na watu kwamba baba yake anaonekana sokoni na kikapu. Kanipigia simu: 'Baba, unatuaibisha. Toa pesa kwenye kiinua mgongo ununue bajaji, uwe na shughuli ya kueleweka.' Ya pili ni mama watoto. Miaka 34 ya ndoa yetu yeye ndiye wa sokoni, nikategemea atafurahi kupumzika. Badala yake kanuna. Kikapu anakipokea kimya. Juzi kasema, 'Hata fungu la mchicha sasa unanichagulia,' akaingia ndani. Bibi, nimekosa nini? Niache haya yote nikakae barazani kama wenzangu? Mwalimu, Ngamiani."

Marahaba, Mwalimu. Pole na joto, mdogo wangu, na hongera kwa kumaliza utumishi salama.

Nianze na mwanao, maana lake ni jepesi. Anakupenda. Huko aliko hakuoni wewe, anasikia maneno ya watu tu, na maneno ya watu yakifika Dar yanakuwa yameshaongezwa chumvi njia nzima. Mwambie taratibu, bila kufoka, kwamba baba yake anakwenda sokoni kwa miguu yake na kwa pensheni yake, na anarudi nyumbani amefurahi. Kuhusu bajaji, kiinua mgongo hakitoki kwa ajili ya kumnyamazisha mtu. Bajaji inataka dereva, bima, matairi, na mtu wa kusimama naye kila jioni kudai hesabu. Mwenye hamu ya kazi hiyo aifanye, ni kazi nzuri. Wewe katika barua yote hujasema hata mara moja kwamba unaitaka.

Sasa tuje kwa mwenzio. Hapa ndipo nilipokaa na barua yako siku mbili.

Umeandika kwamba kwa miaka 34 yeye ndiye alikuwa wa sokoni, na umeandika kama mtu anayemwonea huruma. Uliona unamtua mzigo. Hebu mfuate kwa mawazo asubuhi moja ya zamani, wewe ukiwa umeshaondoka na baiskeli kwenda shule. Anamaliza vyombo, anajitanda kanga, anatoka. Kwa jirani wa kwanza anapiga hodi, wanasalimiana mpaka habari za mbuzi wa jirani zinaulizwa. Akifika Mgandini, muuza mboga ameshamwekea matembele pembeni, maana anamjua. Kwa muuza nazi anapewa kigoda. Anachukua nazi moja, anaitikisa sikioni, anairudisha, anachukua nyingine, na huku anasikiliza nani amejifungua, nani amelazwa hospitali ya Bombo, binti wa nani ameletewa posa. Safari ya nusu saa inakwisha saa moja na nusu. Ile saa ya ziada ilikuwa yake peke yake. Hakuna aliyekuwa anamwita mama, hakuna aliyekuwa anamwuliza shati liko wapi.

Wewe ulikuwa na ofisi ya walimu na chai ya saa nne. Yeye alikuwa na soko. Ofisi ya walimu uliiacha mwezi wa saba kwa barua na sherehe, watu wakakushukuru. Soko lake umelichukua asubuhi moja tu kwa kubeba kikapu kilichokuwa kimetundikwa nyuma ya mlango, na hukumwuliza. Wale shoga zake sasa wanakuona wewe. Wanamtumia salamu kupitia kwako, na nina hakika nyingine zinakupotea njiani.

Ndiyo maana fungu la mchicha limemuuma. Hakununia mboga.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenipata. Marehemu mume wangu alifanya kazi bandarini, naye aliporudi nyumbani moja kwa moja alitaka kunisaidia. Siku moja nimetoka msibani, narudi, nakuta amepanga upya kabati langu la vyombo. Kazi aliifanya vizuri kabisa, sufuria kubwa chini, ndogo juu, vikombe vimepangwa kwa rangi. Nikasonga ugali, nikatafuta upawa wangu mahali ulipokaa miaka yote, haupo. Nilikaa chini nikalia. Yeye alisimama mlangoni na taulo begani, hajui la kufanya. Ilinichukua siku mbili kumweleza, maana hata mimi mwenyewe sikujua haraka kwamba silii kwa ajili ya upawa. Nililia kwa sababu nilijiona mgeni jikoni kwangu.

Kwa hiyo kosa lipo, Mwalimu, na ni kosa la mtu mwema. Linarekebishika kabla ya Ijumaa.

Lakini kuna jambo lingine ambalo hukuliandika, nami naliona. Ulistaafu mwezi wa saba. Miezi ya mwanzo mwili ulidhani ni likizo tu imerefuka, na Desemba shule zote zilikuwa zimefungwa, ukawa sawa na walimu wengine. Januari hii shule zimefunguliwa, watoto wamepita mbele ya nyumba yako na sare mpya, kengele imelia, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wako hakuna darasa linalokusubiri. Ukaona kikapu, ukakishika kwa mikono miwili. Sikulaumu hata kidogo. Mtu aliyeishi kwa kengele anahitaji kitu cha kumtoa nje asubuhi. Tafuta chako, usichukue cha mwenzio.

Na vyako vipo. Chukua baiskeli yako, uipeleke kwa fundi akuwekee breki mpya, kisha asubuhi ushuke Deep Sea, kwenye soko la samaki. Hiyo ni safari ambayo mama watoto, nadhani, hataigombania: ni mbali kidogo, kuna kusukumana kwenye mnada, na kanga inalowa. Msimu huu ndio wenyewe. Kaskazi inavuma tangu Desemba, bahari imetulia, vyombo vidogo vinafika mbali kuliko wakati wa kusi. Usinunue siku ya kwanza. Simama, tazama. Funua shavu la samaki kwa kidole gumba: liwe jekundu la damu, si la kahawia. Jicho liwe limejaa, halijazama. Mbonyeze mgongoni, nyama irudi juu yenyewe. Kisha waulize wavuvi habari za mwezi. Wenye taa wanapata dagaa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka dagaa wanaadimika na bei inapanda. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa sana, linakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, katikati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Wewe ni mwalimu, chukua daftari, andika tarehe, samaki na bei. Baada ya miezi mitatu utajua siku ya kwenda na siku ya kubaki kitandani, na hata watu wa mtaani watakuja kukuuliza.

Nyumbani chukua kazi zisizo na mwenyewe. Mtungi wa gesi ukiisha, wewe. Luku ya umeme, wewe, na usisubiri giza liingie ndipo utafute simu. Miti ya uwanjani mwagilia jioni jua likishatua, maji ya mchana yanakaukia juu juu. Kufagia endelea, maana unakupenda na hakuna aliyelalamika.

Na jikoni ingia kwa mlango mmoja tu: omba kukuna nazi. Omba, Mwalimu, usinyakue. Mume wangu alianzia hapo baada ya yale ya kabati. Nilimpa mbuzi, akakaa uani chini ya mwembe, kifuu cha kwanza akakikuna kwa nguvu kama anayesugua boti. Chicha zikatoka nene, na ameshafika kwenye ganda, tui likawa na weusi. Nikamwonyesha: mkono mwepesi, zungusha kifuu, anza pembeni uje katikati, ukiona rangi ya kahawia inaanza, acha, hata kama nyeupe imebaki kidogo. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anakuna nazi laini kama unga. Nilikuwa nachuja tui la kwanza, naliweka kando, nakaa naye pale pale kuchambua mchele. Tuliongea mengi pale uani kuliko miaka yote aliyokuwa kazini. Hadi leo nikisikia sauti ya mbuzi kwa jirani, nasimama kidogo.

Barazani umeuliza kama uende. Nenda, lakini jioni, baada ya alasiri, muuza kahawa anapopita na dele lake. Kikombe kimoja kichungu, kashata moja, mchezo wa bao, upepo wa bahari unaingia mtaani. Usiwadharau wale wazee. Wengi wao walikuwa na vikapu vyao asubuhi, wewe unawaona tu saa ya kupumzika. Ila kutwa nzima barazani sikushauri, si kwa mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao.

Sasa joto, na hapa naomba unisikilize kama dada mkubwa. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua linatupita utosini mwanzoni mwa mwezi wa tatu, kwa hiyo ukali huu bado unaendelea mpaka masika yaanze. Safari zako zote ziishe kabla ya saa tatu asubuhi. Mwili wa mtu mzima unachelewa kusikia kiu, kwa hiyo usingoje kiu: kunywa ukitoka, kunywa ukirudi. Kama unatumia dawa za presha, hasa zile zinazokupeleka msalani mara kwa mara, muulize daktari wako unywe maji kiasi gani msimu huu, usijiamulie. Mkiwa na mtungi wa udongo utoeni stoo. Unapoza maji kwa kutoa jasho lake mwenyewe, na maji yake hayakati koo kama ya friji. Ukipata dafu njiani, ndiyo raha ya Tanga hiyo, kunywa palepale kwenye kivuli. Mchana tandika mkeka sakafuni, fungua madirisha ya pande mbili, lala. Ulifundisha miaka mingi saa hiyo hiyo ukiwa na shati limeganda mgongoni. Usingizi huo ni halali yako.

Namna ya kuyasema kwa mama watoto: usiitishe kikao. Wanaume wakiitisha kikao sisi tunajiandaa kwa ugomvi. Kesho asubuhi kitundike kikapu pale pale kilipokuwa, nyuma ya mlango. Mpe pesa ya soko mkononi, au mwachie mahali palipozoeleka. Mwambie, "Nilikuchukulia soko lako bila kukuuliza. Nisamehe." Basi. Usimweleze nia yako ilikuwa nini, anaijua. Pengine atasema hakuna kitu, pengine atakuuliza nani kakufundisha hayo, pengine ataanza kutafuta kanga ya kutokea. Akienda, usimpigie simu kuuliza anarudi saa ngapi.

Akirudi amechelewa, mpokee kikapu, umwulize habari za huko, na usikilize mpaka mwisho, hata habari za posa.

Na kwa kuwa maembe bado yamejaa, mwagize akuletee mabichi kiasi cha ungo mmoja. Jioni kaeni uani, yeye amenye, wewe ukate vipande vyembamba mkiyatia chumvi, kesho yake muyaanike juu ya bati mpaka yanyauke, kisha yeye aendelee na viungo vya achari anavyovijua mwenyewe. Kazi yako hapo ni kufukuza kunguru na kugeuza vipande saa nne na saa nane. Chupa ya kwanza itakayokuwa tayari, mpelekeeni mwanenu Dar.