Jua la Tanga na nguo tunazovaa

Shikamoo shangazi. Nauza samaki Deep Sea, hapa Tanga. Fulana yangu nyeupe ya pamba ikilowa nahisi ubaridi mzuri. Jua bado linanipata?

Marahaba. Linakupata, tena zaidi. Kinachounguza ngozi ni mionzi ya urujuanimno, miale ya jua isiyoonekana, nayo huwezi kuihisi. Fulana nyepesi nyeupe, hata ikiwa kavu, huweza kupitisha moja ya tano ya mionzi hiyo. Ikilowa hufika karibu theluthi, maana maji yakijaa kati ya nyuzi mwanga unapenya kirahisi. Beba fulana kavu ya kubadilisha.

Nguo nyeusi si ndiyo inavuta jua?

Inavuta joto, kweli. Lakini kwa kitambaa cha aina moja, rangi nzito hunasa mionzi mingi kuliko nyeupe. Ikiwa pana kama baibui, upepo unapita na hutaumia sana. Madera mepesi ndiyo ya kuangalia: tia mkono ndani, nyanyua dirishani. Ukiviona vidole, jua nalo linapita.

Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la pili. Shuleni anavaa kaptula, shati la mikono mifupi na kepu. Inatosha?

Haitoshi, mama, na nakuomba usingoje muhula ujao. Ngozi yake haina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kumkinga, na saratani ya ngozi huwapata wenye ualbino wakiwa bado vijana. Tanga tupo karibu na ikweta. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Mpeleke kwa fundi ashone suruali ndefu na shati la mikono mirefu lenye kola, kwa kitambaa cha sare kilichofumwa kwa kubana. Kepu huacha masikio na shingo wazi, na hapo ndipo vidonda huanzia mara nyingi. Mtafutie pama. Ongea na mwalimu mkuu amruhusu kuivaa hata paredi, na michezo ya mchana akae kivulini. Uso na migongo ya mikono vipakwe losheni ya jua. Kilisun, inayotengenezwa Moshi, ilibuniwa kwa ajili yao. Ukiona kidonda kisichopona, hospitali siku hiyo hiyo.

Nimepata shati la mtumba limeandikwa UPF 50. Ndiyo nini?

Ni kipimo cha nguo kuzuia mionzi ya urujuanimno. Likiwa jipya hupitisha sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi hiyo. Kama limechakaa au linakubana hadi linavutika, usilitegemee hivyo.