Nilimeza dawa ya kichocho, mbona kimerudi?

Swali: Mimi huosha magari ukingoni mwa ziwa hapa Kisumu. Mwaka jana nilipimwa choo, nikaambiwa nina kichocho, nikameza vidonge. Juzi nimepimwa tena na bado kipo. Je, dawa ilikuwa mbovu? Na mbona sijawahi kukojoa damu?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hilo la damu, maana limewachelewesha wengi kufika hospitalini. Kichocho cha kukojoa damu ndicho kilichozoeleka kule Pwani. Chetu cha Ziwa Victoria, minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu ya matumbo, na mayai yake hutokea chooni. Hapa maabara nikitazama kwa hadubini, sihitaji kubahatisha: yai lake ni refu, la manjano hafifu, na lina mwiba uliochomoza ubavuni. Yai la kile cha mkojo mwiba wake uko nchani. Mayai yanayoshindwa kutoka ndiyo mabaya zaidi. Hunasa kwenye ini, likakakamaa polepole kwa miaka, hadi tumbo linajaa maji au mtu anatapika damu.

Sasa dawa. Prazikwanteli ni dawa nzuri, lakini huua minyoo iliyokomaa tu. Ile michanga, ambayo huchukua wiki 5 hadi 7 kukomaa, huponyoka. Tena dozi hufuata uzito, miligramu 40 kwa kila kilo: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula. Kama ulipewa kimoja, hukutibiwa. Na ile albendazoli ya minyoo ya kawaida inayouzwa kemisti haikigusi kichocho.

Ila nadhani sababu kubwa ni kwamba kesho yake ulirudi majini. Mtu akijisaidia ukingoni, mayai huanguliwa majini na vijidudu vyake humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huachilia vingine vyenye mkia, kwa maelfu, hasa jua la mchana likiwaka. Hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu. Waosha magari wa Kisumu wenyewe waliwahi kufuatiliwa na watafiti, matokeo yakachapishwa mwaka 2002: walitibiwa, wakarudi kazini, wengi wakaambukizwa tena. Wengine walijenga kinga, lakini baada ya kutibiwa mara nyingi.

Sikwambii uache kazi, najua karo inatoka hapo. Vaa gambuti ndefu, usiingie peku. Mkiweza kuchanga, nunueni tangi, mjaze maji na kuyafunika kwa siku 2 kabla ya kuosha nayo. Vijidudu hivyo hufa visipopata mtu, mradi tu konokono asiingie humo. Ya kunywa bado chemsha. Na choo pale ukingoni ningekipigania kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu mayai yasipofika majini konokono hana cha kueneza.

Meza dozi kamili sasa, kisha rudi upimwe choo baada ya wiki 6; yakionekana mayai, utarudia dawa. Uje na watoto wako pia kama huogelea hapo unapooshea magari.