Nimepiga muziki miaka 26, staa sijawa

Nikimwambia mtu kwamba nilikuwa mwanamuziki, swali la kwanza huwa ni lile lile, "wimbo wako gani naujua?" Na jibu langu ni hakuna, au basi labda mmoja, ila huo nao jina langu halimo. Hapo mazungumzo hugeukia mpira.

Kwa kifupi tu ni hivi: gita la pili kwenye bendi za kopi, harusi nyingi mno, shoo za wikiendi, na pembeni nikawa naandika nyimbo za wengine kwa sababu sauti yangu mwenyewe ni ya kuitikia, si ya kuongoza. Nimeandika kama 200 hivi, zilizofika studio hazizidi 30, iliyoshika ni moja. Sijutii, ila kuna kijana kaniomba ushauri nikajikuta naongea masaa mawili, nikaona bora niandike.

Naanza na huo mmoja maana bado unaniuma. Tulikuwa studio usiku, prodyuza ana biti, mwimbaji ana beti la kwanza, kiitikio hakuna. Kiitikio nikakitunga mimi, maneno na melodi, dakika kumi na tano pengine, tukafurahi tukarekodi tukaenda kulala. Hakuna aliyeandika chochote. Miezi mingapi sijui baadaye wimbo ukaanza kupigwa kila mahali na kwenye makaratasi watunzi ni wawili, mimi simo, na nilipouliza nikaambiwa "si ulitusaidia tu kaka." Sikumchukia mtu, maana kiukweli kosa nililifanya mimi pale nilipobeba gita langu na kuondoka.

Kwa hiyo kabla hujatoka studio, karatasi. Majina ya waliotunga, kila mmoja asilimia ngapi, jumla iwe 100, tarehe, sahihi, kila mtu apige picha kwa simu yake. Utaona aibu, najua, inaonekana kama humwamini mwenzako. Ila wimbo ukiwa bado haujaingiza hata senti kugawana ni rahisi, watu wanacheka tu na kusema "weka 30 basi". Subiri uingize hela uone.

Na uelewe kwamba wimbo una haki mbili, hili wengi hawalijui hata waliokaa kwenye game muda mrefu. Kuna utunzi wenyewe, yani maneno na melodi, na kuna ile rekodi, wenyewe wanaita masta. Mwenye masta anaweza kuwa aliyelipia studio au lebo, mwenye utunzi ni aliyetunga, na mirabaha yake, yani malipo ya wimbo kutumika, ni tofauti. Ile namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo unapewa ukipakia wimbo mtandaoni, inatambulisha rekodi tu, haisemi umetunga wewe. Mi nilidhani nikishakuwa nayo nimemaliza kila kitu, kumbe!

Hakimiliki yenyewe huhitaji kuiomba. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi karibu zote zimeingia, kazi inalindwa tangu ilipotungwa, na ulinzi ni maisha yako yote pamoja na miaka isiyopungua 50 baada ya kufa, kwingine 70. Shida ni kuthibitisha kwamba ulitunga wewe. Ndo maana nasema karatasi, na ukajiandikishe pia kwa chama cha hakimiliki, maana wao ndio wanaokusanya mirabaha redio na kumbi zikipiga wimbo wako.

Kuhusu kuandika kwenyewe sina siri kubwa. Nyimbo nyingi hufia beti la pili, kwa sababu beti la kwanza umesema kila kitu halafu la pili unarudia kwa maneno mengine, sa hapo afadhali ulikate uingie daraja, kile kipande cha kubadilisha ladha kati ya beti na kiitikio. Pia uimbe wimbo bila biti, bila gita, huku unaosha vyombo, ukiona unachosha basi unachosha, biti itauficha tu. Na demo, yani rekodi ya mfano ya kumpa mwimbaji, usirekodi kwenye ki yako wewe, yani kimo cha sauti kinachokufaa wewe. Nimewahi kunyimwa wimbo kwa sababu dada hakufika zile nota za juu na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kushusha nota mbili tatu, yani wimbo ukafa kwa uvivu. Siku hizi natuma demo kwenye ki mbili.

Mtandao nao, usiuhesabu kama mshahara. Spotify tangu 2024 wimbo usipofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haupati mirabaha ya rekodi kabisa. Pakia, ndiyo, ila kazi ya kukulisha iwepo.

Masikio sasa. Hapa naomba unisikilize maana mimi mwenyewe sisikii vizuri. Miaka yote nilisimama kulia kwa dramu, matoazi yakilipuka kwenye sikio la kushoto, na nikirudi nyumbani mlio ule niliuona ni dalili ya shoo nzuri. Desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, zikiwa 85 unaweza kukaa nazo masaa 8, ila kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa nusu, ukifika 100 ni dakika 15 tu, na bendi jukwaani inafika 100 bila hata kujitahidi. Vile vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena. Mlio wangu haujaondoka tangu mwaka wa 19 wa kazi, usiku ndo unazidi. Kuna plagi za masikio za wanamuziki, zinapunguza sauti bila kuifanya iwe ya ndani ya debe, nunua kabla ya pedali nyingine ya gita tafadhali.

Juzi nilikuwa kwenye foleni, wimbo ule ukapigwa, dada aliyekuwa mbele yangu akaimba kiitikio chote. Kuna neno moja pale nilibishana na prodyuza karibu saa nzima, akakubali kishingo upande likaingia langu. Dada yeye akaimba lile la prodyuza, na kusema kweli lilikaa vizuri zaidi.