Re: Organic Maps inafaa kwa msafiri asiye na bando?

Mkuu, umeuliza kama Organic Maps, ile programu ya ramani ya simu, itakufaa Dar na Zanzibar bila bando. Itakufaa, tena sana. Ukishapakua ramani, unatafuta mahali na kupata njia bila intaneti, kwa sababu GPS ya simu haihitaji bando. Programu hii ilitoka 2021, ni ya bure, haina matangazo wala haikufuatilii.

Kinachowashangaza wengi mara ya kwanza ni vichochoro. Fungua Tandale uvute karibu: utaona njia za miguu kati ya nyumba na nyumba, hata mitaro ya maji. Data inatoka OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, na kwa Dar kazi kubwa ilifanywa na mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo wakishirikiana na wakazi kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kwa kweli vijana wale wanastahili heshima kuliko wanayopewa.

Mji Mkongwe uwe makini. Kuta ndefu zinasumbua GPS, kile kialama chako kinarukaruka hadi uchochoro wa pili. Angalia msikiti au hoteli iliyo karibu, ndipo ufuate njia.

Foleni haionyeshi kabisa, kwa hiyo muda inaokupa wa kutoka Mbagala hadi Posta asubuhi usiupangie safari ya boti. Na ukikuta duka au gesti haimo, fungua akaunti ya OpenStreetMap uiongeze mwenyewe humo humo.