Florey iko Oxford, si Cambridge
Umeuliza kama jengo la Florey Building liko Cambridge. Hapana, haliko huko. Lilijengwa kuwa bweni la wanafunzi wa Queen's College, Oxford, kando ya mto Cherwell. Msanifu ni James Stirling, likakamilika 1971. Jina lenyewe ni ushahidi: Howard Florey, aliyeshiriki Nobel ya 1945 kwa kazi ya penisilini, alikuwa mkuu wa chuo hicho. Vyumba vimepangwa kuzunguka ua, vikitazama mtoni kupitia ukuta wa vioo, na kwa nje ni vigae vyekundu. Kwangu ni zuri mno, ingawa vioo vingi hivyo vilileta joto kali vyumbani. Pengine umelichanganya na jengo la Kitivo cha Historia cha Cambridge: msanifu ni huyohuyo, lakini pale hakuna anayelala.