Mshauri anajibu kwa maneno ya jumla tu

Umemaliza mafunzo ya ujasiriamali, umepangiwa mshauri, lakini kila ukimuuliza "nifanyeje?" anakujibu juujuu. Hapo tatizo ni swali lenyewe: ni pana mno. Siku mbili kabla ya kikao mtumie ukurasa mmoja: mauzo ya mwezi, gharama, faida kwa kila bidhaa, na uamuzi mmoja uliokushinda. Kwenye gharama weka na ujira wako. Wengi huuacha, bei ikaonekana ina faida kumbe mtu anajifanyia kazi bure. Baada ya kikao mwandikie mlichokubaliana, pamoja na tarehe ya kukitekeleza. Na kama umepata pia nafasi ya mafunzo kazini kwenye kampuni, omba kitengo cha mauzo au manunuzi, hata kwa wiki chache. Kutoa fotokopi hakukufundishi namna mteja anavyokataa bei.