Kabla ya Kusikiliza Hotuba, Tafuta Mwenye Uwezo wa Kuzuia

Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika shule za sekondari za mashariki mwa Uganda, na kila tunapofika kwenye Umoja wa Mataifa wanafunzi huniuliza: ikiwa kila nchi ina kiti chake, kwa nini neno la baadhi ya nchi huwa na uzito kuliko la nyingine? Ushauri ninaowapa, ambao ningependa kila anayefuatilia habari za dunia auzingatie, ni kwamba wasianze na hotuba. Waanze na kanuni za kupiga kura, kisha watafute ni nani anayeweza kuzuia uamuzi akiwa peke yake.

Uganda ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama mwaka 2009 na 2010. Mwezi Juni 2010, azimio namba 1929 la kuiwekea Iran vikwazo lilipita kwa kura 12, yetu ikiwamo, ingawa Brazil na Uturuki zililipinga. Lau mpingaji angekuwa mmoja wa wajumbe 5 wa kudumu, yaani China, Marekani, Ufaransa, Uingereza au Urusi, azimio hilo lingekufa palepale. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa mambo hayatofautiani sana: maamuzi makubwa huhitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani pekee inashikilia zaidi ya asilimia 16, hivyo inaweza kuyazuia ikiwa peke yake.

Mfano ninaoutumia zaidi darasani, hata kama unatuuma sisi Waganda, ni wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Mwaka 2005 mahakama hiyo iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu za kijeshi nchini Kongo, kuikalia Ituri, eneo la mashariki mwa nchi hiyo, na kushindwa kuzuia uporaji wa maliasili. Mwezi Februari 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, ilipwe kwa awamu 5 za dola milioni 65 kila mwaka, na Uganda ikaanza kulipa mwaka huohuo. Sasa linganisha na hukumu ya mwaka 1986, mahakama ileile ilipoitia Marekani hatiani kwa kuwasaidia waasi wa Nicaragua na kutega mabomu katika bandari zake. Marekani, ambayo ilikuwa imekwisha kujitoa katika kesi, haikulipa chochote. Na Nicaragua ilipolipeleka suala hilo mbele ya Baraza la Usalama, chombo chenye mamlaka ya kusimamia utekelezaji wa hukumu hizo, Marekani ilitumia kura yake ya turufu, yaani ile haki ya mjumbe wa kudumu ya kuzuia uamuzi.

Baadhi ya wanafunzi husema basi sheria ya kimataifa ni ya wanyonge tu. Sikubaliani nao, na huwaambia waziwazi. Katika Ituri sisi ndio tuliokuwa wenye nguvu, na watu waliouawa na kuporwa kule walistahili mahali pa kupeleka malalamiko yao. Kasoro ninayoiona mimi ni kwamba wapo wasiofikiwa na hukumu, wala si kwamba hukumu yetu ilikuwa ya uonevu.

Kwa hiyo, unaposikia mageuzi ya taasisi yoyote yakitangazwa, uliza kama yamegusa haki ya kuzuia. Novemba 2024 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipata kiti cha tatu katika bodi ya watendaji ya Shirika la Fedha, yenye viti 25. Nilifurahi, kwa kuwa sauti zaidi mezani ina faida yake, lakini kiti hicho hakikuziongezea nchi hizo kura. Vivyo hivyo, Septemba 2024 Marekani ilisema itaunga mkono viti viwili vya kudumu vya Afrika katika Baraza la Usalama, ila bila kura ya turufu. Msimamo wa Afrika tangu mwaka 2005 ni kwamba, maadamu kura hiyo ipo, wajumbe wote wa kudumu, wapya kwa wa zamani, wawe nayo. Uganda ni mojawapo ya nchi 10 zilizopewa na Umoja wa Afrika jukumu la kuutetea msimamo huo, na wananchi wake tuna kila haki ya kuwauliza wawakilishi wetu kama bado wanausimamia hivyo, au kama wako tayari kupokea viti vitupu.